Daftari la Ba: nilivyotafuta programu ya kuchapa Kigujarati hapa Tanga

Ba alikuja dukani Jumanne moja asubuhi, mvua ndo imekata tu, kashika mfuko wa kitambaa na ndani yake daftari la jalada gumu lililofungwa na uzi wa cherehani. Naandika haya kwa sababu nimekaa na lile daftari karibu miezi miwili, na nilichojifunza nataka mtu yeyote mwenye stesheneri au anayedizaini kadi, awe hapa Tanga, Moshi, Dar au Unguja, akijue kabla hajapokea kazi ya maandishi ya Kihindi, maana kazi hizi zipo na zinaharibiwa sana, na anayeumia ni mtu aliyekuletea kitu cha mamake mzazi.

Ba sio jina lake, ndo wanavyomwita kwao, kwa Kigujarati ni mama au bibi, na sisi wa mtaani tumelichukua hivohivo. Kazaliwa hapahapa Tanga na Kiswahili chake ni cha Tanga kabisa, ukimsikiliza umefumba macho utadhani ni shangazi yako wa Ngamiani. Nikamwamkia shikamoo Ba, marahaba mwanangu, watoto hawajambo, nyumbani hawajambo, salamu zote zikaisha ndo akafungua ule uzi taratibu akanionyesha.

Daftari ni la mamake. Nusu ya mbele ni mapishi, nusu ya nyuma ni nyimbo za ibada, bhajan, yote kwa mkono na kwa herufi za Kigujarati, wino mwingine umeshakuwa wa kahawia na kurasa zina madoa ya mafuta. Akanifunulia ukurasa mmoja akaniambia soma hapa. Nkamwambia Ba, mimi hizi herufi sizijui. Akasema neno lenyewe unalijua, ni lenu: મોગો. Mogo, yani muhogo. Wahindi wa huku kwetu muhogo wanauita mogo, na mamake aliandika hivyo, neno la Kiswahili ndani ya herufi za kwao, muhogo wa nazi na pilipili. Nilishikwa na kitu moyoni, sijui niseme nini, nikaipokea kazi palepale kabla hata ya kufikiria kama naiweza.

Alichotaka ni nakala 60, kijitabu cha saizi ya A5, ukurasa wa kushoto Kigujarati kama alivyoandika mamake, wa kulia Kiswahili, maana wajukuu wake wa Tanga na Dar Kigujarati wanaongea vizuri tu ila kusoma hawajui.

Sasa mimi nikafanya kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Nikafungua programu ya kudizaini tuliyonayo dukani, toleo la zamani ambalo ndo tunalotumia kwa kadi za harusi na mabango miaka yote, nikachukua sentensi chache ambazo mpwa wa Ba alinitumia kwa WhatsApp, nikakopi nikapesti. Kwanza vikaja viboksi vitupu. Nikabadilisha fonti, herufi zikatokea, nikafurahi, zinaonekana za Kigujarati kweli, nikapanga ukurasa wa kwanza ukapendeza, nikaprinti nikampelekea Ba kwake mwenyewe jioni.

Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu. Halafu akasema kwa upole, mwanangu, herufi ni zetu lakini hapa hakuna neno.

Mstari wa kwanza kabisa ulitakiwa usomeke શ્રી ગણેશાય નમઃ, Shri Ganeshaya Namah, ndo wanavyofungulia jambo, kama sisi tunavyoanza na bismillahi. Na kwenye ile karatasi yangu neno la kwanza tu, shri, lilikuwa limekatikakatika, sha peke yake ina kijimstari chini yake, kisha ra, kisha alama ya i inaning'inia pembeni. Nimeharibu pale ambapo mtu hakutakiwa kuharibu. Niliirudisha ile karatasi nyumbani nikaibandika ukutani juu ya kompyuta na bado ipo.

Ngoja nieleze hizi herufi zinavyofanya kazi maana bila kujua hili huwezi kuchagua programu, utachagua kwa sura ya menyu tu. Kwetu sisi, ukipiga k kisha i kisha t, zinakaa kwa foleni vilevile ulivyozipiga. Kigujarati, Kihindi, Kibengali, Kitamil na wenzao hazikai hivyo. Herufi ક ni ka, ile a imo ndani yake tayari. Ukitaka ki unaongeza alama ya i, na alama hiyo unaipiga baada ya ક ila inatakiwa ionekane KABLA yake: કિ. Yani kompyuta inahifadhi kwa mpangilio wa sauti, jicho linaona kwa mpangilio mwingine, na katikati hapo lazima awepo mtu wa kuzihamisha. Chukua neno હિંગ, hing, ule mvuje tunaotia kwenye dengu, limo kwenye daftari la Ba karibu kila ukurasa. Linapigwa ha, alama ya i, nukta ya king'ong'o, ga. Programu ikiwa haijui kazi yake, ile alama ya i inabaki baada ya ha, au inakaa juu ya kiduara cha vitone, na kwa anayesoma hilo sio neno tena.

Halafu kuna kuunganika. Kuna alama inaitwa halant, kazi yake ni kuiua ile a ya ndani ili konsonanti mbili zishikane, na zikishikana mara nyingi zinazaa umbo jipya kabisa. શ્રી ambayo wewe unaiona kitu kimoja ni vitu vinne ndani ya kompyuta: sha, halant, ra, na alama ya ii. Na ra ina tabia yake nyingine, ikitangulia konsonanti bila irabu inaruka juu inakuwa kama kindoano kichwani mwa herufi inayofuata, angalia વર્ષ, varsh, yani mwaka, kile kindoano juu ya herufi ya mwisho ndo ra yenyewe.

Kwa hiyo swali la kuuliza sio programu gani ina fonti ya Kigujarati. Fonti unaipata popote. Swali ni ndani ya hiyo programu nani anazipanga herufi. Fonti ya kisasa inabeba maelekezo ndani yake, kwamba hii ikikutana na hii tumia umbo hili, lakini fonti haijisomi yenyewe, ni kama mbao zilizokatwa na kutiwa alama tayari, anahitajika seremala wa kusoma zile alama na kuunga. Kwenye Windows kwa miaka mingi seremala huyo alikuwa Uniscribe wa Microsoft, na Kigujarati kiliingia rasmi na Windows XP mwaka 2001 pamoja na fonti inaitwa Shruti. Kwenye programu nyingi za bure, na kwenye Chrome, Firefox na simu za Android, seremala anaitwa HarfBuzz. Jina hilo nililipenda nilipojua maana yake, limetoka Kiajemi, harf ni herufi, neno lilelile letu, na baz ni wazi. Herufi wazi. Ndo maana kwenye simu yako ya Android ujumbe wa Kihindi unasomeka sawasawa hata kama hujui lolote, halafu ukiupesti kwenye programu ya zamani ya kudizaini unavunjika. Kosa haliko kwenye maneno uliyotumiwa na mara nyingi haliko hata kwenye fonti.

Kuna jambo la pili lililokuwa linanisubiri. Mpwa wa Ba alikuwa keshachapa kurasa kumi na moja za bhajan zamani sana, akaniletea kwenye fleshi, tukafurahi wote kwamba kazi imepungua. Nafungua, nakuta herufi za Kizungu, alama za dola, mabano, vipande visivyo na maana. Faili halijaharibika. Zamani, kabla Unicode, ule utaratibu mmoja wa dunia wa kuzitambua herufi kwenye kompyuta, haijaenea, watu walitengeneza fonti ambazo ndani yake pale pa herufi A wamechora umbo la Kigujarati, pale pa B umbo lingine, hivyo hivyo. Kompyuta inaamini umeandika Kizungu, wewe unaona Kigujarati, na kila kampuni ya fonti ilipanga kwa mtindo wake. Siku ukiikosa fonti ileile umekosa maandishi. Zipo programu za kubadilisha ila lazima ujue fonti ilikuwa ipi, na sisi hatukujua, mpwa mwenyewe hakumbuki, ile kompyuta ilishauzwa. Kurasa zote kumi na moja tukazichapa upya.

Hapo ndo nilipoweka sharti langu la kwanza na silivunji tena: maandishi yawe Unicode. Kigujarati kimo Unicode tangu toleo la kwanza mwaka 1991, kila herufi ina namba yake moja duniani kote, kwa hiyo mjukuu wa Ba akifungua faili hilo baada ya miaka thelathini kwa fonti yoyote atasoma. Kama mtu anakwambia nina fonti nzuri ya Kihindi, muulize ni ya Unicode au ya zile za kale. Njia rahisi ya kujua, badilisha fonti uweke Arial au nyingine ya kawaida, maneno yakigeuka kuwa herufi za Kizungu basi ni za kale, achana nazo kwa kazi mpya.

Basi nikaanza kujaribu programu, na njia niliyotumia ni maneno matatu na alama moja. Nimeyaandika kwenye kikaratasi: શ્રી kwa ajili ya kuungana, હિંગ kwa ajili ya ile i inayohama, વર્ષ kwa ajili ya kindoano, na ॥, mistari miwili ya wima wanayofungia ubeti. Programu yoyote nayapesti hayo kabla ya kufanya kingine chochote. Yakivunjika hata moja nafunga.

PageMaker najua bado kuna ofisi zinayo, kuna wazee wa kazi hii wanaipenda na ni kweli ilipanga vitabu vingi nchi hii, lakini toleo lake la mwisho ni la 2001 na Unicode haiijui kabisa. Kwa kazi hii usiifungue.

InDesign, ile programu ya Adobe ya kupanga kurasa, inaweza, tena vizuri sana, ila sio ukiifungua tu. Kuna kitu wanaita World-Ready Composer, lazima uchague hicho kwenye menyu ya aya, Adobe World-Ready Paragraph Composer, la sivyo inakupangia kama Kizungu na unapata uleule uharibifu wangu. Nina hakika kadi nyingi zilizoharibika zimeharibikia hapo, mtu ana programu sahihi na fonti sahihi, ameacha kitufe kimoja. Kama unalipia kila mwezi tayari kwa kazi zako nyingine, itumie hiyo, weka huo mpangilio kwenye mtindo wa aya ili usisahau. Mimi malipo ya kila mwezi kwa duka langu siyawezi kwa sasa.

LibreOffice, ya kuandikia kama Word, ni ya bure na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017 inatumia HarfBuzz kwenye kompyuta za aina zote, maneno yangu matatu yalipita mara ya kwanza nikapiga kelele mpaka jirani wa duka la pili akaja kuangalia. Ila ina tabia yake ambayo ilinipotezea siku nzima. Ndani yake kila mtindo una fonti mbili, moja ya maandishi ya kawaida na nyingine ya maandishi wanayoyaita Complex Text Layout, yani ya herufi zinazohama na kuungana kama hizi, na saizi nayo ni mbalimbali. Nabadilisha saizi ya aya kwenye mtindo, Kiswahili kinakua, Kigujarati kimegoma palepale. Nenda Tools, Options, sehemu ya lugha, hakikisha kile kiboksi cha Complex Text Layout kimewekwa tiki na lugha yake umechagua Gujarati, baada ya hapo kwenye mitindo utaona sehemu mbili za fonti na utazipanga kila moja kivyake. Ukishajua ni raha, unaweka Kigujarati pointi zake na Kiswahili pointi zake, haviingiliani.

Scribus ndo iliyonipangia kitabu. Hii nayo ya bure, ni ya kupanga kurasa hasa kama InDesign, na watu wengi waliijaribu zamani wakaiacha kwa sababu kwa Kihindi na Kiarabu ilikuwa haiwezi. Toleo la 1.6 lililotoka mwanzoni mwa 2024 linaweza, wamemwingiza HarfBuzz humo. Kama unayo ya 1.4 usijisumbue, dawnlodi mpya. Siwezi kukwambia ni nyepesi, menyu zake zinahitaji kuzoea na siku mbili za kwanza nilitamani kurudi kule nilikozoea, lakini nilipoweka ukurasa wa kushoto na wa kulia, nikaona ule mstari wa Ganesha umesimama sawa juu ya ukurasa, sikurudi.

Kuna na XeTeX ambayo Jonathan Kew aliitoa 2004, hiyo unaandika kwa maagizo kama ya programu kisha inakutengenezea ukurasa, na kwa herufi ni hodari mno. Kama uko chuo na unaandika tasnifu yenye Kisanskriti au Kihindi ningekwambia uende huko moja kwa moja. Kwa duka lenye foleni ya watu wanataka fotokopi, hapana.

Sasa kuchapa kwenyewe, maana mimi sisomi Kigujarati na Ba hatumii kompyuta. Kibodi ipo, Windows 10 kuanzia 2019 ina ya kifonetiki, unapiga herufi za Kizungu kwa sauti nayo inakuletea za Kigujarati, na kuna ile ya serikali ya India inaitwa InScript ambayo uzuri wake ni mpangilio mmoja kwa maandishi yao karibu yote, ukiijua kwa Kihindi unaijua kwa Kigujarati. Tulianza na ya kifonetiki, mpwa anapiga, ila ana kazi zake anakuja Jumamosi tu. Siku moja nikakumbuka simu. Gboard, ile kibodi ya Google ya kwenye simu, inasikiliza Kigujarati. Nikaiweka mbele ya Ba, nikamwambia Ba soma tu kama unamsomea mtu jikoni, akasoma mapishi ya khichdi, na maneno yakawa yanaandikika yenyewe kwenye skrini, Ba akanyamaza akaniangalia, akasema tena, yakaandikika tena. Basi kuanzia siku hiyo kila jioni baada ya kufunga naenda kwake, anasoma kurasa mbili tatu, tunakunywa chai, najitumia kwa imeili. Sio kwamba simu haikosei, majina ya viungo inachanganya na mogo iliandika kila aina isipokuwa mogo, lakini Ba anasahihisha pale pale, na kilichotoka ni Unicode safi.

Kwenye mapishi Ba ananieleza kwa Kiswahili naandika, na ndo nikaanza kuona maneno yanavyotembea. Siku moja aliniuliza hiyo kazi yako mnaiitaje, nkamwambia kupiga chapa, akasema chapa ni neno letu hilo, sisi gazeti tunaliita chhapu. Nimefanya kazi ya chapa miaka yote hii.

Fonti. Nilijaribu Noto Serif Gujarati, Mukta Vaani na Rasa, zote za bure na leseni inaruhusu kuchapa na kuuza. Noto ni ya Google, jina lake limetokana na kukataa vile viboksi vitupu ambavyo wao wanaviita tofu, na kwa usalama ndo ningekushauri uanze nayo maana haina mapengo. Mukta Vaani ni nyembamba safi, inafaa kadi na matangazo. Nilimprintia Ba mapishi yaleyale kwa fonti zote tatu, sikumwambia majina, nikamwekea mezani. Akachagua Rasa. Nikamuuliza kwa nini, akasema hii inafanana na vitabu vya shule tulivyosomea. Rasa ina pia herufi za kilatini, hizi tunazoandikia Kiswahili, zilizochorwa pamoja na za Kigujarati, kwa hiyo ukurasa wa kushoto na wa kulia vikaoana bila mimi kuhangaika.

Fonti moja niliyoipata kwenye tovuti fulani, nzuri ya kupendeza, ilifeli kwenye ile alama ya nne, ॥ ikatoka kiboksi. Nilijiuliza sana mpaka nikaelewa kwamba mistari hiyo kwenye Unicode imewekwa kwenye fungu la Devanagari, herufi za Kihindi, na maandishi mengine ya India yanaazima hapohapo, sasa mchora fonti wa Kigujarati akisahau kuiweka unaikosa. Kwa mapishi hutagundua. Kwa nyimbo za ibada itakutokea kwenye kila ubeti.

Na nafasi kati ya mistari, jamani, hapa ndo wadizaini wetu wengi wanabana. Kigujarati kina vitu juu na kina vitu chini, matra yani zile alama za irabu, vindoano, nukta, alama ya u inayoning'inia. Ukiweka nafasi kama ya Kiswahili, alama za chini za mstari huu zinagongana na za juu za mstari unaofuata na msomaji anashindwa kujua nukta ni ya nani. Niliweka Kigujarati pointi 13 kwenye nafasi ya 20, Kiswahili pointi 11 nafasi ileile ya 20 ili mistari ya kurasa mbili ilale sawa. Usitanue herufi moja moja kujaza mstari kama tunavyofanya kwenye vichwa vya habari vya Kiswahili, zile zilizoungana zikiachanishwa zinakufa. Mimi mistari nimeinyoosha mwanzo wake tu, kushoto, mwisho wake kulia nimeuacha ulivyo, na ukurasa unapumua.

Tarakimu tuliacha za kwao kwenye upande wao, ૧, ૨, ૩, na zetu upande wetu. Ba ndo aliyetaka, alisema mama hakuwahi kuandika vikombe "2", aliandika ૨.

Kwenye kuprinti niliogopa kuliko mahali pengine kote kwa sababu miaka ya nyuma niliwahi kupeleka faili la kadi sehemu fulani, fundi akalifungua kwenye programu yake akasevu upya bila kusema, na ikatoka imevunjika nakala zote. Safari hii nilipeleka PDF tu, fonti zimo ndani yake, na nikabaki nimesimama pale mpaka karatasi ya kwanza ikatoka nikalinganisha na kikaratasi changu cha maneno matatu. Mtu akikwambia nitumie faili la wazi nilirekebishe kidogo, mwambie urekebishaji unaufanya wewe. Ila pia usiitegemee PDF kama ndo ghala lako, maana ndani ya PDF kuna maumbo yaliyokwishapangwa na ukikopi maneno ya Kigujarati kutoka humo mara nyingi yanarudi yamechanganyika. Ghala ni lile faili la maandishi la LibreOffice, nimempa mpwa nakala, nimejiwekea na nyingine, na ya tatu ipo mtandaoni.

Kurasa zikatimia 48, inagawanyika kwa nne kwa hiyo kupinda na kupiga pini katikati hakukuwa na shida.

Kabla ya nakala zote 60 nilitoa moja ya kusahihisha nikaipeleka kwa Ba. Alisoma siku nne. Aliniita nikakuta kaweka vijiti vya kiberiti kwenye kurasa saba zenye makosa. Sita yalikuwa ya simu, maneno yanayofanana kwa sauti. La saba lilikuwa langu: kwenye muhogo wa nazi nilikuwa nimekata mstari mmoja nikidhani umejirudia, maneno yalikuwa yaleyale mara mbili. Ba akanionyesha kwenye daftari la asili. Mamake aliandika mara mbili, koroga, koroga. Akasema ndivyo alivyokuwa anasema, usipokoroga nazi inakatika, rudisha. Nikarudisha.

Vitabu viko kwa Ba sasa. Na wiki iliyopita kijana mmoja wa familia ya Kikhoja, kaviona hivyo vya Ba, kaja na daftari la babu yake, na humo ndani maandishi sio Kigujarati, ni Khojki, herufi walizoandikia ginan, nyimbo zao za ibada za zamani, na nyumbani kwao hakuna tena anayeisoma. Nimeshaangalia: Khojki imo Unicode tangu 2014, fonti ipo, Noto Serif Khojki, na HarfBuzz anaijua. Nilichokosa ni maneno yangu matatu, na mtu wa kukaa na mimi ayatazame aniambie kama yamesimama au yamevunjika. Kama una babu au bibi hapa Tanga, Pangani, hata Dar, anayesoma Khojki, niandikie hapo chini, naja mwenyewe mpaka kwake.